Maghorofa ya Nairobi kutoka vilima vya Ngong: usilipe hiyo lenzi

Usilipe hiyo lenzi. Kama umeshatoa kianzio, mpigie muuzaji leo umwambie huiwezi kwa sasa. Swali lako nimelisoma nikiwa kazini nikashindwa kukaa kimya. Unataka kupanda Ngong mwezi wa Februari kwa sababu hakuna mvua, upande alfajiri kwa sababu ya mwanga, na ubebe lenzi ya mitumba ya milimita 150-600, ile ndefu ya kuvuta mbali, utakayonunua kwa mkopo wa sacco, upate maghorofa ya Nairobi na Mlima Kenya nyuma yake. Halafu ukauliza habari za drone, pa kuegesha gari na programu ya kuhariria picha. Hayo ya mwisho yasubiri siku nyingine. Kwanza hiyo Februari na hiyo lenzi, maana ndiko pesa yako inakoelekea kupotelea.

Mimi nilifanya hivyo hivyo unavyopanga. Kuna ofisi ilitaka picha ya mji ya kujaza ukuta wa mapokezi, na mimi nikaahidi picha ya kutoka Ngong kabla sijawahi kuipiga. Muuzaji wa duka moja pale mjini akaniwekea 150-600 mkononi akaniambia, "Kaka, na hii utasoma hadi mabango ya barabarani." Nikachukua mkopo. Februari, kiangazi, anga halina hata wingu, nikasema hapa sikosei.

Alfajiri sikuona mji. Jua lilikuwa linachomoza upande ule ule ninaotazama, na moshi wa usiku kucha umelala juu ya Nairobi, kwa hiyo mbele yangu palikuwa na mwanga mweupe tu. Nikasubiri uinuke. Ukainuka kidogo kufika saa 4, maghorofa yakatokea, nikaanza kubofya. Kwenye kile kioo kidogo cha kamera kila kitu kilionekana sawa. Nikashuka nimefurahi.

Nyumbani nikafungua picha kwenye kompyuta kwa ukubwa wake kamili. Kingo za Britam Tower, lile ghorofa refu la Upper Hill, zilikuwa zimepindapinda, madirisha yameingiliana. Fremu iliyofuata, jengo lile lile, limepinda upande mwingine. Nikadhani ni fokasi. Nikadhani ni stendi, nikanunua nyingine nzito zaidi, hiyo nayo pesa. Nikarudi juu, mambo yakawa yale yale. Nikapeleka lenzi kwa fundi, akaipima, akanirudishia akisema nzima kabisa, na kunipimia akanitoza. Siku ya kukabidhi kazi ikafika, nikachapisha iliyo afadhali. Mwenye ofisi akasogea karibu na ukuta akauliza, "Mbona hili jengo linayeyuka?" Salio hakulipa, gharama ya kuchapisha ikabaki juu yangu, na mkopo niliendelea kuulipa muda mrefu baada ya lenzi yenyewe kuuzwa kwa hasara. Cheka ukitaka, ila soma mpaka mwisho.

Tatizo halikuwa lenzi. Lilikuwa hewa.

Kutoka juu ya Ngong hadi katikati ya mji ni kilomita zipatazo 23 kwa mstari ulionyooka. Kati yako na ghorofa kuna mji wa Ngong, kuna Karen, kuna mabati ya watu maelfu. Jua likiyapiga mabati, lami na udongo mkavu, hewa ya chini inapata moto na kupanda, ya baridi inashuka, na mwanga unaotoka kwenye lile jengo unapita humo ukikunjwa huku na huku hadi ukufikie. Lenzi ndefu haiondoi hewa hiyo. Inaikuza pamoja na jengo. Ukiongeza milimita, unaongeza mtikisiko uleule kwa kiasi kilekile. Na hapo hatujagusa vumbi na moshi, ambavyo kiangazi havina wa kuviosha: vinatawanya mwanga, cheusi kinageuka kijivu, kijivu kinageuka samawati, na mwishowe mji mzima unakuwa na rangi moja.

Kuna watakaokuambia ukungu huo utausafisha kwenye kompyuta. Ule wa vumbi utaupunguza, na utalipia kwa chengachenga, zile punjepunje za picha, angani. Mstari wa jengo uliopindwa na joto haunyooshwi na kitufe chochote, kwa sababu kila sehemu ya jengo imepindwa kivyake.

Jinsi ya kujua ni hewa na si mkono wako: weka kamera kwenye stendi, kuza picha kwenye kioo hadi mwisho, elekeza kwenye mlingoti wa juu ya Britam, kisha usiguse kitu. Tazama tu. Mlingoti ukitulia lakini hauko wazi, hiyo ni fokasi. Ukitikisika wote kwa pamoja kila upepo unapovuma, ni stendi. Ukicheza vipande vipande, juu unakwenda kushoto na katikati kulia kama moshi wa jiko, funga begi uteremke. Laiti yule muuzaji angenionyesha jaribio hili moja tu! Anajua. Ameuza lenzi hizo miaka mingi na anawaona watu wakizirudisha, lakini hawezi kukwambia subiri mvua, kwa sababu mvua haiuzi.

Na hasira nyingine nimewawekea wale walimu wa video wanaoimba alfajiri, alfajiri, kana kwamba milima yote duniani imekaa upande mmoja wa mji. Ngong iko kusini magharibi mwa Nairobi. Ukisimama pale ukatazama mji, umeangalia kaskazini mashariki. Mwezi wa Juni jua linachomoza karibu kabisa nyuma ya Upper Hill, linakuja moja kwa moja kwenye kioo chako. Februari limesogea kulia, lakini bado liko mbele yako, na kila chembe ya vumbi iliyo kati yenu inawaka. Jioni ndiyo yako. Jua liko nyuma ya mgongo wako upande wa Bonde la Ufa, linapiga vioo vya maghorofa moja kwa moja, na yenyewe yanakurudishia. Mwanga huo ni wa bure.

Sasa kanuni, na hii ndiyo sababu nimeandika kwa urefu hivi: usipande kabla mvua haijanyesha, na asubuhi ya siku ya kupanda itazame Ngong kutoka mjini kwanza. Asubuhi jua linaupiga uso wa vilima unaotazama Nairobi, kwa hiyo havina pa kujificha. Simama popote penye uwazi, hata kwenye ghorofa ya maegesho. Ukiona rangi ya kijani, ukaweza kutenganisha kilele na kilele, ukakuza kwa simu ukaona mitambo ya upepo ikiwa myeupe, panda jioni hiyo hiyo. Ukiona umbo la samawati tu lisilo na ndani, lala. Hewa ni ile ile, ukiitazama kutoka huku au kutoka kule. Kama Ngong haionekani vizuri ukiwa mjini, mji hautaonekana vizuri ukiwa Ngong, hata ukibeba lenzi ya bei ya shamba.

Maana yake kalenda yako igeuze. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, ndiyo misimu yako, siku ya baada ya mvua kubwa ya usiku. Mvua imeshusha vumbi, ardhi imelowa haipati moto haraka, na mara nyingi kunakuwa na mawingu ya vipande yanayotia kivuli Karen yote huku mji ukiwa juani. Hicho kivuli ni dawa mara mbili: mtikisiko unapungua na mji unajitokeza. Juni hadi Agosti mara nyingi ni lile wingu zito la kijivu lililofunika Nairobi kama kifuniko, usijisumbue. Januari na Februari waachie wapanda mlima wa mazoezi.

Kwenye hewa kama hiyo utashangaa lenzi ndogo inavyotosha. Britam ina mita 200 hadi ncha ya mlingoti. Kwa umbali huo, ukiwa na lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya sensa kamili, ile ya ukubwa wa filamu ya zamani, urefu wake wote hautafika hata sehemu moja ya mia ya kimo cha picha, kwa hiyo ile lenzi pana uliyonayo kweli haifai kwa mji. Iache kwa mawingu. Ukiwa na 600, jengo hilo hilo litachukua kama sehemu moja ya tano ya kimo. Inavutia kusikia, najua. Lakini ukiwa na 200 unachukua Westlands yote na mnara wa Global Trade Centre kushoto, na Upper Hill kulia ikiwa imesimama karibu mbele ya katikati ya mji, na bado unabakiwa na nafasi ya miti ya Karen chini na anga juu. Hiyo ndiyo picha ya mji kutoka mlimani. Picha ya ghorofa moja lililokuzwa, nenda kaipigie Uhuru Park. Lenzi za 70-200 zinakodishwa mjini kwa siku. Kodi, asubuhi ile ile utakapoona kijani, si wiki moja kabla.

Nikifika juu kitu cha kwanza ninachotafuta ni KICC, lile jengo refu la mikutano katikati ya mji. Ni ya mwaka 1973, mita 105, rangi ya udongo, na kwa sababu hiyo ndiyo ya kwanza kupotea hewa ikichafuka. Vioo vya majirani zake vinameta hata ndani ya vumbi, yenyewe haimeti. Ukiona ule wekundu wake wa udongo kando ya Upper Hill, hewa ni nzuri, fanya kazi haraka. Ukiona kivuli tu, piga picha za ng'ombe wa Wamasai, nazo zinauzika.

Mlima Kenya. Hapa sitaki upoteze hata nauli. Ukisimama Ngong, mlima hauko nyuma ya maghorofa. Nyoosha mkono mbele yako, funga ngumi, anzia kwenye maghorofa uhesabu ngumi tatu kwenda kushoto: huko ndiko uliko, kilomita zaidi ya 150. Haiwezekani ukae nyuma ya mji ukiwa umesimama pale, ni suala la ramani tu. Zile picha za 2020 za Mlima Kenya nyuma ya maghorofa zilizofanya watu wabishane mtandaoni kama ni za kuunganisha au za kweli, ukitaka ya namna ile lazima usogee kusini mwa mji, upande wa mbuga ya Nairobi, ili wewe, maghorofa na mlima mkae kwenye mstari mmoja. Tena huo ni mchezo wa asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika, wakati mji kutoka Ngong ni mchezo wa jioni. Ni safari mbili tofauti, usizichanganye.

Upepo wa kule juu si wa mzaha. Mitambo ya megawati 25.5 haikusimamishwa pale kwa urembo. Kilele cha juu kabisa kina mita 2,460 na hakuna ukuta wa kukukinga. Stendi usiifungue miguu hadi mwisho, kaa chini kabisa kwenye nyasi, geuza mgongo kwenye upepo uwe wewe ndiye ukuta. Kasi ya shata, yaani muda kamera inapopokea mwanga, usishuke chini ya 1/500 ya sekunde kama unashika 200, na ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iongeze bila woga. Chengachenga kidogo zinasameheka, mtikisiko hausameheki. Piga fremu nyingi mfululizo za kitu kile kile, kwa sababu hata hewa nzuri ina pumzi zake, na kati ya fremu hizo moja itakuwa imetulia kuliko nyingine zote.

Usipande peke yako. Watu wameibiwa kamera kule, hasa ukishavuka vilele vya kwanza kuelekea Kiserian. Ongea na askari wa misitu langoni, wanaweza kukusindikiza, na mkubaliane mapema saa ya kushuka, maana mwanga mzuri ni wa saa 11 na nusu na jua linazama kabla ya saa 1 usiku. Watakuharakisha. Wewe piga ukiwa karibu na mitambo, upande wa mji wa Ngong, ili kushuka kusiwe kurefu. Taa za usiku usizifuate huko juu, hata ukiambiwa ni nzuri kiasi gani.

Kuhusu mkopo: kama sacco imeshaupitisha lakini pesa haijatoka, bado unaweza kuusimamisha, nenda dirishani ukaombe mwenyewe. Na kama pesa iko kwa muuzaji, mwombe risiti ya kianzio leo, kwa maandishi, kabla hajakuambia lenzi imebaki moja.