Hisabati Imemsaidia Mgonjwa Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa kidato cha tano ameniuliza kama hisabati tupu imewahi kumsaidia mgonjwa yeyote. Nilikosa jibu. Naomba mnisaidie.
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, mwambie mwanao aitazame mashine ya CT Scan, ile ya hospitalini inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande. Mwaka 1917, mwanahisabati wa Austria, Johann Radon, alithibitisha kwamba ukijua jumla ya thamani zilizo kwenye kila mstari ulionyooka unaokatisha umbo, unaweza kulijenga upya umbo hilo lote. Hakuwa akifikiria hospitali hata kidogo. Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulitafakari tatizo hilohilo mwaka 1956 alipokuwa akisimamia matumizi ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, akachapisha makala zake mwaka 1963 na 1964 bila kujua kwamba Radon alikwisha kulitatua. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo hasara ya wanataaluma kutosomana.

Mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield, aliyefika hapo kwa njia yake mwenyewe, ndiye aliyeunda mashine iliyompima mgonjwa wa kwanza jijini London, Oktoba 1971. Eksirei hupitishwa mwilini kutoka pembe nyingi, kila mwale hufifia kulingana na tishu uliyopenya, kisha kompyuta hukokotoa kutokana na ufifiaji huo picha ya kipande cha ndani bila kisu kugusa ngozi. Cormack na Hounsfield walitunukiwa Nobeli ya tiba mwaka 1979, ingawa hakuna kati yao aliyekuwa daktari.