"Jibu la chaneli" au "mwitikio wa chaneli"?

Swali: Ninaandika ripoti kuhusu kupima chaneli ya mawasiliano yasiyotumia waya, yaani njia ambayo ishara hupitia kutoka upande wa kurusha hadi upande wa kupokea, kwa redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta. Kile ambacho Kiingereza hukiita "channel response", je, nikiandike "jibu la chaneli" au "mwitikio wa chaneli"? Tena, je, neno "masafa" linaweza kubeba maana zake zote mbili, ya mawimbi ya redio na ya umbali, humo humo?

Jibu: Andika "mwitikio wa chaneli". Jibu hutokana na swali, na katika ripoti ya vipimo msomaji ataelewa kwamba "jibu" ni tarakimu uliyoipata mwishoni mwa hesabu. Kuitikia ni jambo jingine: anayeitikia salamu au dua hufuata alichokisikia, na kiitikio cha wimbo hakina maana bila mwimbishaji. Ndivyo ilivyo chaneli. Upande wa kurusha hutuma ishara ambayo upande wa kupokea unaijua tangu awali. Ishara hiyo hufika kwa njia ya moja kwa moja, kisha nakala zake zilizogonga kuta na mabati hufuata zikiwa zimechelewa na kufifia, na programu hulinganisha kilichopokewa na kilichotumwa ili kuonyesha kila nakala imechelewa kwa kiasi gani na imebaki na nguvu kiasi gani. Ukipiga kofi moja katika ukumbi mtupu, mwangwi unaousikia ni mwitikio wa ukumbi huo, na sidhani kama kuna anayeweza kuuita jibu.

Upatanisho wake ni wa u-/i-: mwitikio umepimwa, miitikio imelinganishwa.

Kuhusu "masafa", nakusihi uchague maana moja. Watangazaji wetu wamekwisha kutuzoesha masafa ya redio, ilhali masafa ya safari ni ya zamani na ni sahihi vilevile. Lakini ukiandika "mwitikio wa masafa", msomaji hatajua kama unazungumzia megahezi au mita. Vipimo hivi navyo hugusa yote mawili kwa pamoja: redio inayochukua sampuli (vipimo vya ishara) 20,000,000 kwa sekunde huchukua moja kila nanosekunde 50, muda ambao wimbi la redio husafiri takriban mita 15, kwa hiyo nakala mbili ambazo urefu wa njia zake umepishana kwa chini ya hapo ni vigumu kuzitenganisha. Hizo mita ziite "umbali", nayo "masafa" uyaachie megahezi.