Chumvi: anayepika naye aitwe
Ndugu muuguzi, umeuliza kwa nini wagonjwa wa shinikizo la damu hapo Kasese huitikia ushauri wa kupunguza chumvi, kisha wasiufuate. Nadhani tunakosea tunapomtajia mgonjwa chini ya gramu 5 kwa siku, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ilhali sufuria ni ya watu wanane na anayepika ni mkwewe. Afadhali mpishi naye aitwe, aonyeshwe kijiko cha chai kilichosawazishwa, aelezwe kwamba mtu mzima asikifikishe kwa siku nzima, ikihesabiwa pia chumvi ya mkate, samaki waliokaushwa kwa chumvi na viungo vya mchuzi vya pakiti. Uliza pia kuhusu magadi ya kulainishia maharagwe, maana nayo yana sodiamu, ile ile iliyo ndani ya chumvi inayopandisha shinikizo la damu, ingawa wengi (nikiwemo mimi zamani) hawayahesabu kuwa chumvi.