Maswali ya Wasomaji: Nina Miaka 56, Nitaziweza Mbio za Timu?

SWALI: Habari za kazi. Mi kwetu Tanga ila naishi London, Leyton. Baiskeli nimeendesha miaka yote, siku hizi naenda velodromu ya Lee Valley, ule uwanja wa mbio za baiskeli wenye njia iliyoinuka upande wa nje, na nikiwa peke yangu niko vizuri tu. Sasa klabu inaunda timu ya wazee, watu wanne, zile mbio za kufukuzana, timu mbili zinaanzia pande mbili za uwanja na wenzio mnafuatana mkipokezana kushika mbele. Nikimfuata mtu karibu naogopa, na zamu yangu ya mbele ikiisha nikipanda juu kuwapisha wenzangu, nashuka nakuta wameshaniacha. Ni umri? Na ninunue baiskeli yangu? Baba Salma

JIBU: Shikamoo Baba Salma. Umri wako sio shida kabisa. Mfaransa Robert Marchand mwaka 2017 alizunguka velodromu saa nzima akiwa na miaka 105, akatimiza kilomita 22.547. Yule alikuwa peke yake lakini, wewe una wenzio watatu na hapo ndipo pa kujifunza.

Hiyo ya kuachwa naona inaanza kabla hata hujapanda juu. Mtu akishika mbele anapigwa na upepo wote, anataka aonyeshe kazi, anaongeza spidi bila kujijua, zamu ikiisha miguu haina kitu. Spidi uliyoikuta ndiyo uiache. Kama timu inamaliza mzunguko mmoja, zile mita 250, kwa sekunde 20, ambayo ni kilomita 45 kwa saa, we ukapiga 19 basi umewaumiza wa nyuma na umejiumiza mwenyewe. Ni kama watu wanaotwanga kinu kimoja, anayeharakisha mchi ndiye anayeharibu. Muombe kocha asimame pembeni akutajie sekunde kila mzunguko, hakuna mwalimu mzuri kama huyo.

Kupisha sasa. Tupa jicho bega la kulia, kona inapoanza panda, mita moja na nusu au mbili zinatosha, wengi wanapanda mpaka juu huko halafu wanashangaa njia ya kurudi ni ndefu. Mwinuko wenyewe unakupunguzia spidi na ukishuka unakurudishia, kwahiyo usikaze miguu kuzuia pedali. Na usisubiri wote wakupite ndio uanze kushuka!! Tairi la mbele la wa mwisho likifika usawa wa nyonga yako, anza kutelemka taratibu huku unalenga nyuma ya tairi lake la nyuma, ukifika chini tayari umo.

Woga wa kumfuata mtu ni wa kawaida, baiskeli ya velodromu haina breki na pedali hazisimami tairi likizunguka. Anza na mita mbili, ukizoea moja, ukizoea nusu, wala usione haya. Macho yasikae kwenye tairi la mwenzio, angalia mabega yake na njia iliyo mbele yake. Ukimkaribia sana usizuie pedali ghafla maana aliye nyuma yako atakuvaa, panda kidogo tu juu ya ule mstari mweusi wa chini mnaoufuata, utapungua wenyewe. Tairi lako lisiingie ubavuni mwa lake hata siku moja, akiyumba unaanguka wewe.

Kitu kingine mjue, muda wa timu unahesabiwa mtu wa tatu akimaliza, sio wa nne. Kwahiyo mwenye pumzi fupi anaweza kupewa zamu moja ndefu mapema halafu akatoka, au zamu fupi za nusu mzunguko, hilo mpangeni kabla.

Umri utauona kwenye shingo na kwenye kupona. Nyoosha shingo kila siku manake isipogeuka huwezi kuangalia nyuma, pumzika vizuri baada ya zoezi gumu, na kabla ya kuanza mazoezi ya kutoka kwa nguvu kwenye mstari wa kuanzia muone daktari akupime moyo na presha.

Baiskeli usinunue kwanza, kodisha palepale mpaka ujue saizi na gia ambayo timu yenu inatumia, hela weka kwenye viatu vinavyokukaa sawasawa.