Mwanangu, shamba lisiuzwe

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema wakala wa hapo Tanga amekwambia Uingereza imejitoa Umoja wa Ulaya, Wapoland na Waromania wamerudi kwao, kazi zimebaki hazina watu, na kwa milioni 20 atakupatia cheti cha udhamini, ile karatasi ya mwajiri ya kuombea viza, uje kulea wazee kama mimi shangazi yako. Na babu yako ameshaanza kutafuta mteja wa shamba.

Huyo mtu anakuibia. Njia hiyo ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Mlezi wa wazee haajiriwi tena kutoka nje.

Uongo wake una chembe ya kweli, ndiyo maana umekuingia. Waingereza walipiga kura ya kujitoa 2016, asilimia 52 kwa 48, na sababu moja kubwa ni kutaka wageni wapungue. Watu wa Ulaya wakakoma kuja kufanya kazi bila viza mwisho wa 2020, nyumba za wazee zikakosa wafanyakazi, na Februari 2022 mlango ukafunguliwa kwetu. Nikapita. Lakini mama wa Kipoland aliyenifundisha kazi alikuwa na ukaazi wake tangu zamani. Alipokorofishana na bosi aliacha kazi Ijumaa, Jumatatu yuko kwingine. Mimi viza yangu imefungwa kwa mwajiri. Waliniahidi saa 39 kwa wiki, wakanipa 15. Natembea nyumba hadi nyumba na mvua, nalipwa dakika za ndani ya nyumba tu. Nikanyamaza, kwa sababu ya makaratasi.

Halafu kampuni ikanyang'anywa leseni ya kuajiri wageni. Barua ikaja: siku 60, nipate mwajiri mwingine au niondoke nchini. Asubuhi ile nilikuwa namwogesha mzee mmoja, anapenda maji ya uvuguvugu yaanzie miguuni. Barua imo mfukoni. Akaniuliza mbona mikono inatetemeka. Nikamwambia baridi.

Nilipata kazi siku ya 52. Nyumbani sikumwambia mtu. Mwezi ule pesa ya dawa za bibi yako niliikopa, nikaituma kama kawaida. Ile picha ya theluji mliyoisifia, koti lilikuwa la kuazima. Nisamehe, nami nimekuchochea.

Usije. Maliza uuguzi wako, upate usajili, ujifunge kwenye Kiingereza. Muuguzi aliyesajiliwa bado wanamchukua, na hapo mwajiri mwenye haki hakutozi senti ya cheti. Ukifika hapo njoo hata kesho, kitanda changu tutalala wawili. Ingawa nikisema kweli ningefurahi zaidi ukipangiwa Muheza, uwe karibu na bibi yako, maana mimi sipo.

Huyo wakala ukimlipa hata shilingi ya fomu, nitakasirika. Na mwambie babu yako asimwonyeshe mtu mipaka ya shamba mpaka nimpigie Jumapili.