Kupunguza mkanda wa saa ya chuma, kabla hujashika nyundo

Wadogo zangu mnaoanza kuuza saa pale Makoroboi, Mwanza, na wewe uliyeagiza saa mtandaoni ikaja inacheza mkononi kama bangili, hii kazi haitaki nguvu, inataka macho. Geuza saa uangalie ndani, zile pingili (vile vipande vya mkanda) za karibu na kifungo zina vimshale vidogo vimechongwa. Pini inayounganisha pingili inatokea upande unakoelekea mshale, ukirudisha unaingiza kinyume chake. Pini nyingi zilizopinda na pingili zilizochubuka zimegongwa upande usio wake, hamna kingine.

Ila kuna mtego. Pini ya kawaida imepasuliwa ncha moja, kwa hiyo ukiitazama kwa pembeni unaona kamstari, mtu anachukua bisibisi anaanza kuzungusha wee mpaka anaharibu. Ukiona mshale ujue hiyo ni pini, isukume. Skrubu zipo kwenye saa za bei kama Rolex, mfereji wake unaonekana mpana, na mara nyingi imetiwa gundi kwa hiyo ipashe kidogo na draya ya nywele ndo ufungue, tena kwa bisibisi inayokaa sawasawa.

Halafu Seiko. Hapa tulia kabisa maana baadhi ya Seiko pini yake haijapasuliwa, inabanwa na kibomba kidogo sana kilichokaa katikati ya pingili, na pini ikitoka tu nacho kinadondoka bila hata mlio. Ukikipoteza pini haishiki tena, mkanda utafunguka mwenye saa akiwa kwenye daladala. Ndo maana mi nasema fanyia juu ya sinia lenye kitambaa cheupe, sio mlangoni kwenye mchanga.

Vifaa? Kile kiplastiki cha kusukumia pini kinauzwa bei ndogo tu. Huna, chukua kimsumari chembamba kuliko pini usugue ncha iwe bapa, ikiwa kali inateleza inakwaruza. Kushikilia mkanda, kata mfereji kwenye soli ya ndala ya zamani, usimamishe mkanda humo, raba haichubui na pini inapata pa kutokea. Pini ikigoma usiongeze nyundo. Saa za watu wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba hapo ndo utajua, jasho na uchafu wa samaki vimeganda humo ndani, sasa vua mkanda kwenye saa kwanza, uloweke maji ya uvuguvugu yenye sabuni, piga mswaki, ukauke, tone la mafuta ya cherehani halafu usubiri.

Kabla hujatoa pingili yoyote angalia kifungo, vingi vina vitundu pembeni, unahamisha tu pini ya springi tundu moja mbele na kazi imeisha. Ikibidi kutoa, toa sawa pande zote ili kifungo kikae katikati chini ya mkono, ikibaki moja itoe upande wa namba 6 kwenye uso wa saa. Pima mchana au jioni, joto la Mwanza linavimbisha mkono kidogo na saa iliyokaa vizuri asubuhi inaweza kukubana saa 9. Kidole kidogo kipite chini ya mkanda, inatosha.

Kurudisha pini, ncha nzima inatangulia, iliyopasuliwa inamalizia, mpaka ilingane na ukuta wa pingili. Ikiingia kwa kidole bila kugonga haifai hiyo, weka nyingine. Supa glu hapana jamani, mwenzako atakayekuja kuongeza pingili atakulaani.

Ile mikanda ya wavu haina pingili, we nyanyua kibati cha kifungo kwa bisibisi bapa, sogeza, bana. Na pingili ulizotoa na pini zake ni za mteja, zitie kwenye kimfuko umpe mkononi, wengine wananenepa, na wengine saa wanampa mdogo wake mwenye mkono mkubwa.