Kigari kipya cha mtoto kina kasoro: mdai muuzaji, usikubali kutupiwa kiwandani

Pole sana, dada. Kigari hata mwezi hakijamaliza, kinajikunja mtoto akiwa ndani, halafu duka linakwambia uwaandikie wenye kiwanda? Usikubali. Pesa umelipa dukani, na duka ndilo la kukujibu. Sheria za nchi nyingi zinasimama hapo: mauziano ni kati ya mnunuzi na muuzaji. Waranti ya kiwanda ni nyongeza juu ya haki hiyo, haiifuti. Muuzaji akishamalizana na wewe, yeye na kiwanda watajuana wenyewe.

Cha kwangu kilikuwa na ugonjwa huo huo. Ukikifungua, komeo la kulia linalia "ta", la kushoto kimya. Kwa macho yote mawili yamefunga. Lakini ukikandamiza mpini kidogo, kama unapandisha magurudumu kwenye ngazi, la kushoto linachomoka na fremu inalala upande. Nilipokipindua nikaona ribiti (pini ya chuma inayoshikanisha vipande vya fremu) imepigwa pembeni ya mahali pake, kwa hiyo ulimi wa komeo ulikuwa unashika ukingo tu wa chuma. Hiyo huwezi kuiita kuchakaa wala matumizi mabaya. Kilitoka kiwandani hivyo.

Kiache leo hii. Usikifunge kwa waya, usimpe fundi akichomelee, hata akikwambia ni kazi ya dakika mbili. Mtoto hakai salama kwenye kitu kilichofungwa kwa waya, na ukishakigusa duka litasema umekiharibu wewe. Piga video fupi kikiwa kitupu: kifungue, kandamiza mpini, kiache kikunjike. Piga picha ya kibandiko chenye namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi kiko chini kwenye fremu. Kama risiti imepotea usikate tamaa, kumbukumbu ya malipo ya simu au taarifa ya benki kwa kawaida inatosha kuonyesha ulinunua wapi na lini.

Halafu andika. Maneno ya kaunta hayana ushahidi. Barua yangu ilikuwa mistari michache: tarehe ya kununua, kasoro iko wapi, kwamba ni hatari kwa mtoto, nataka pesa yangu, na siku ya mwisho ya kunijibu. Taja unachotaka! Ukiuliza "mtanisaidiaje?" utapewa kilicho rahisi kwao, yaani matengenezo. Meneja alinionyesha karatasi ya waranti iliyosema matengenezo tu. Nikamjibu sidai kwa waranti, nadai kwa sheria ya mauzo. Tulibishana, lakini pesa ilirudi. Kubadilishiwa modeli ile ile nilikataa, maana sikuwa na sababu ya kuamini ribiti za kinachofuata.

Muda ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Uingereza, sheria ya haki za watumiaji ya 2015 inakupa siku 30 za kukataa bidhaa mbovu na kurudishiwa pesa yote. Baada ya hapo muuzaji anapata nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 huhesabiwa ilikuwepo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vingine. Afrika Kusini, sheria ya 2008 inakupa miezi 6, na mnunuzi ndiye anayechagua: kutengenezewa, kubadilishiwa au pesa. Umoja wa Ulaya ni angalau miaka 2, ila kwa kawaida unaanzia kwenye matengenezo au kubadilishiwa. Tafuta sheria ya kwenu ya kumlinda mlaji, usome kifungu cha bidhaa zenye kasoro kabla hujarudi dukani.

Hata wakikulipa, toa taarifa kwa mamlaka ya viwango au ya ulinzi wa mlaji. Mwaka 2009 Maclaren, kampuni ya vigari vya watoto, waliitisha vigari karibu milioni 1 Marekani, yaani walitangaza vina kasoro na wazazi waache kuvitumia mpaka virekebishwe, baada ya taarifa 12 za watoto kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba. Bila taarifa za wazazi, wengine wangeendelea kuvisukuma bila kujua. Jaza pia kadi ya usajili inayokuja ndani ya boksi, ile tunayoitupa, ili kiwanda kijue pa kukupata kikiitisha bidhaa. Mwaka 1998 mtoto alifariki Chicago, kwa mlezi wake, kwenye kitanda cha kukunja kilichokuwa kimeshaitishwa tangu 1993. Ujumbe haukuwa umefika pale kilipokuwa kikitumika. Inaniuma kila nikiikumbuka. Sheria ya Marekani ya 2008 ndiyo iliyolazimisha kadi hizo kwenye vifaa vya watoto.

Wakikuita ukirudishe, usikikabidhi bila karatasi yenye sahihi yao inayosema wamepokea nini na kwa sababu gani. Wakikujibu kwa maandishi, weka jibu hapa, ficha jina lako, tulisome pamoja.